Aliyefungua Lango la Misheni

Huu ni mwaka wa tisa ninasafisha sakafu katika jumba moja la makumbusho hapa Brussels, na katika ukumbi mmojawapo kuna picha inayonichokoza kila siku. Ni pana kuliko ukuta wowote wa nyumba yangu ya Schaerbeek. Inaonyesha mji wa zamani wa nchi hizi uliozingirwa na jeshi. Ukuta wa mji una pembe nyingi kama nyota, na maji yameuzunguka. Nje, askari wamechimba mahandaki yanayokwenda kombokombo, mara huku, mara kule, ili mizinga ya ukutani isiwapate moja kwa moja. Mbele kabisa wako wakubwa juu ya farasi, wamevaa kofia zenye manyoya ya ndege. Mmoja ananyoosha fimbo kuuonyesha mji, kama mtu anayemwonyesha mwuza nyama kipande anachotaka akatiwe.

Wenye mji hawaonekani. Nimewatafuta. Nimepanda ngazi ya kufutia vumbi nikaangalia kwa karibu mpaka macho yakauma. Kuna moshi wa bomba moja la jiko, basi kuna mtu anapika. Na juu ya ukuta kuna doa jeupe, labda ni mtu, labda mchoraji alipangusa brashi yake tu.

Kuna madame mmoja, mwalimu aliyestaafu, anayeleta watoto wa shule mbele ya picha hiyo. Anaeleza vizuri, siwezi kumsema. Kwake nimejua mambo ambayo darasa langu la tano halikunipa. Zamani zile, anasema, mji haukuvamiwa ovyo, kulikuwa na utaratibu. Kwanza wanafunga njia zote, chakula kisiingie. Kisha wanachimba, na kila siku handaki linasogea karibu kidogo. Wanavuta mizinga, wanapiga sehemu ileile ya ukuta mpaka inabomoka na kuacha mwanya. Hapo ndipo wanatuma mpiga ngoma na barua: jisalimisheni sasa, mtaishi. Mkikataa tukaingia kwa nguvu, askari wetu watafanya watakalo. Gavana wa ngome anapima. Akiona hakuna njia anatia sahihi, anatoka na askari wake kwa heshima, ngoma zinapigwa, bendera ziko juu. Hata kengele za kanisa zilikuwa na mwenyewe tayari. Mkuu wa mizinga ndiye aliyekuwa na haki nazo mji ukitekwa.

Watoto wanalipenda hilo la kengele. Wanacheka.

Siku moja, nimeshika ndoo yangu, nilishindwa kunyamaza.

"Madame, samahani. Nani alifungua lango?"

Akageuka. "Lango gani?"

"La mji. Mwenye ufunguo. Alikuwa nani, na yeye alipata nini?"

Alitabasamu vile wanavyotabasamu. "Hilo hatulijui, madame. Yalikuwa makubaliano. Watu wa mji wenyewe walimwomba gavana."

"Watu gani?"

"Watu tu. Walikuwa na njaa."

Watoto walinitazama mimi, wakaitazama ndoo, na baadaye msimamizi wetu aliniambia kwamba wageni wana mtu wa kuongea nao na mtu huyo si mimi. Bon. Nilirudi nyumbani kwa tramu na lile neno, walimwomba wenyewe, limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mimi sikuhitaji mtu anieleze mji unavyotekwa. Nimeshatekwa.

Kwetu Kivu kulikuwa na misheni juu ya kilima. Mapadri waliotoka nchi hii hii ndio waliojenga ukuta wake, tofali nene, vipande vya chupa juu, na lango moja tu la chuma, la kijani. Vita ilipofika, watu wa vijiji vyote vya chini waliingia mle na magodoro yao. Waasi walituzingira, tukakaa siku kumi na moja.

Wenye makosa nitawataja kwa kazi zao. Majina sitayaandika, maana binti yangu ameniomba, na sababu yake itaonekana.

Wa kwanza ni meja aliyeachwa na askari wake atulinde. Siku ya tatu asubuhi alisema anakwenda kutafuta njia ya maji. Alikwenda na askari wote, na simu ya upepo, na mbuzi wetu wawili. Mtu anakwenda kutafuta maji na mbuzi?

Wa pili ni mkubwa mmoja wa jimbo aliyekuwa akisema redioni kwamba msaada uko njiani. Njia gani hiyo, mpaka leo sijui. Watu walikuwa wanagawana maji ya tangi kwa kikombe cha mtoto, na yeye anatuambia tuwe watulivu. Tulikuwa watulivu mpaka betri za redio zikafa.

Wa tatu ni ekonomo wa misheni, yaani mtunza stoo. Funguo zote zilikuwa kwake, alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

Meja alipokimbia, wanaume wachache walipanda ukutani na mapanga, mawe na bunduki mbili kuukuu. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwashi. Waasi walipotoboa ukuta, yeye aliziba. Alibomoa jiko la masista, akachukua tofali zake, akakanda udongo kwa maji machafu ya kufulia, akajenga upya tundu lilelile. Wakatoboa pengine, naye akahamia hapo. Wenzake walimtania: "Wewe, vita ikiisha utadai mishahara ya pande zote mbili." Alikuwa hacheki sana, lakini hapo alicheka.

Tangi lilikauka siku ya kumi. Siku ya kumi na moja watu walianza kulia: fungua, fungua. Ekonomo alikuwa ameshaongea na waasi kupitia dirisha la stoo. Saa sita mchana akatia ufunguo, akafungua.

Hakuna aliyeuawa langoni, hilo niseme kweli. Walitutenga, wanawake upande huu, wanaume ule. Kisha ekonomo alitembea na mkubwa wa waasi mbele ya mstari wa wanaume, akanyoosha kidole. Huyu alikuwa ukutani. Huyu. Na huyu. Walipelekwa nyuma ya karakana ya seremala. Sikuona. Nilisikia, na hiyo inatosha. Familia ya ekonomo ilipanda lori la kwanza. Na kengele ya misheni waliishusha wakaenda nayo, kwa hiyo yule madame akisema ni mambo ya zamani, mimi naendelea kupiga deki.

Binti yangu alikuwa mgongoni mwangu, miezi minane. Leo ni mwuguzi katika hospitali kubwa kule Jette. Nimemlea peke yangu, Uganda kambini, halafu hapa. Amekuwa mrefu kama baba yake, na kama baba yake hacheki ovyo. Mwaka juzi aliniletea kijana, fundi wa lifti, mtoto wa watu wa kwetu. Kijana ananyanyuka mtu mzima akiingia, anaosha sahani bila kuambiwa. Sina la kumsema.

Wiki moja kabla ya siku ya mahari, binti yangu alinionyesha picha kwenye simu yake.

"Maman, tazama. Hawa njo batakuya na babake. Huyu wa katikati ni tonton yao mukubwa, ndugu ya babake, njo musemaji wao. Anakaa Charleroi. Wanasema anajua kusema mpaka batu banalia."

Nilivaa miwani. Nywele zilikuwa zimekwisha na shavu limeanguka, lakini shingo ilikuwa ileile. Shingo ile niliitazama siku kumi na moja kwa sababu ufunguo wa maji ulikuwa hapo.

"Maman? Unamujua?"

"Anafanana na mutu fulani," nilisema. Nikaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Alijua baba yake aliuawa misheni. Nilikuwa nimemwambia. Kwamba kulikuwa na kidole, na kidole kilikuwa na mwenyewe, hilo sikumwambia. Mtoto anajifunza darasa la mtu mwingine, lugha ya mtu mwingine, unamwekea na hilo?

Nilimwita ndugu yangu mdogo, ambaye angekuwa msemaji wa upande wetu. Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia: "Yule hapiti mulango wangu kuja kumuomba mutoto wa mutu alimuonyesha na kidole."

Alishika kichwa. "Dada, ukisema hii leo, ndoa imekufa. Batagawanyika, baba ya kijana atachagua ndugu yake. Mutoto wako njo atalipa."

"Ameshalipa."

"Basi usimulipishe mara ya pili. Siku moja tu, dada. Aingie, akule, atoke."

Alisema kweli, na nilimchukia kwa kusema kweli. Wiki nzima nilipiga deki nikipima pande mbili: binti yangu apate nyumba yake, au yule mtu asikanyage zulia langu. Sikuona namna ya kupata yote mawili.

Kwetu, siku ya mahari wageni hawakuti mlango wazi. Unafungwa kwa ufunguo. Wao wanasimama nje na mizigo yao, wasemaji wawili wanatupiana maneno mlango ukiwa katikati, na upande wa mke unawasumbua mpaka uridhike. Ufunguo anakaa nao mama. Ni mchezo, lakini mama asipofungua hakuna ndoa.

Ile Jumamosi mchana nyumba ilijaa bamama wenye vitambaa vya sare, ghorofa ya tatu, madirisha yametokwa jasho kwa mvuke wa fufu na samaki. Binti yangu alikuwa chumbani amefichwa, kama inavyotakiwa. Ufunguo niliufunga kwenye pindo la kitenge. Wakagonga.

"Nani anagonga hivi?" ndugu yangu akapaza sauti. "Hapa hatukuita polisi!"

"Tuko batu ba amani! Tumetoka mbali, miguu inauma!" Ilikuwa sauti ya kijana fulani, wanamtanguliza acheze.

"Mbali wapi? Tramu inawashusha hapo kwenye kona!"

Bamama wakaangua kicheko.

"Tumeona ua katika hii nyumba, papa!"

"Maua banauzisha Chaussée d'Ixelles! Mushuke, mupande bisi, muende kule!"

"Ile ya kule inakaukaka! Sisi tunataka yenye kuzaa!"

"Hee! Amesema ya kuzaa, hata salamu hajatoa! Amende! Casier moja ya bia mbele ya kufungula!"

Faini ikalipwa, chupa za kreti zikagongana kule nje. Watu wakaanza kuimba na kupiga makofi. Kisha sauti nyingine kule nje ikasema, polepole, kama mtu anayesoma orodha ya stoo:

"Bon. Batu ba hii nyumba, ninawasalimia. Mimi njo nimebeba maneno."

Nilimsogeza ndugu yangu, nikaweka mdomo karibu na mbao.

"Papa musemaji, mbele nifungule, niko na swali. Weye ulishafungulaka mulango gani mukubwa?"

Nyuma yangu walicheka. Mmoja alisema, "Maman anajua kucheza, hee!"

Nikagonga mbao kwa kiganja.

"Jibu, papa. Wa chuma. Rangi ya kijani. Ufunguo ulikuwa shingoni kwako, kwa kamba ya kiatu."

Bamama waliacha kucheka mmoja mmoja.

"Maman," alisema. Sauti ya nje ilikuwa imeshuka. "Si leo."

"Ni leo. Ile siku ulifungula bila mutu kukuuliza."

"Dada, acha," ndugu yangu alininong'oneza. Nilimwonyesha kiganja.

"Walisema bataingia tu," alisema yule wa nje. "Tukikataa hawaachi hata kuku. Nilifungula batu bapone."

"Na kidole? Kile kidole kilikuwa cha kuponya nani?"

Nikamsikia kijana wetu, bwana harusi mwenyewe, akiuliza: "Tonton, anasema nini huyu maman?"

"Walitaka wanaume wote," alisema yule mzee. "Wote, maman. Nikasema hapana, si wote. Ni bale tu walikuwa yulu ya ukuta."

"Nani alikupa kazi ya kuchagua?"

Akasema bila hasira, na kukosa hasira ndiko kulikoniumiza:

"Na ninyi mulilia fungula. Tangu asubuhi mulilia. Na weye ulikuwa mbele, na mutoto mugongoni. Nilikuona."

Huko juu niliandika kwamba watu walianza kulia. Mimi ni mmoja wa watu hao. Mtoto alikuwa ameacha kunyonya tangu jana yake, midomo yake imepasuka, na mimi nilipiga lango kwa ngumi zote mbili nikalia fungua, kwa nguvu kuliko wote. Hilo nalo liandikwe, chini ya meja na mkubwa wa redioni na ekonomo. Wa nne ni mimi. Lakini mimi sikunyoosha kidole. Bado nasimama hapo: sikunyoosha kidole.

Niligeuka. Binti yangu alikuwa ametoka chumbani kabla ya kuitwa, na shanga zote, na hakuna aliyemzuia.

"Maman. Ni kweli?"

"Yake au yangu?"

"Yote."

"Ni kweli."

Alininyooshea mkono. Nilidhani anataka kunishika, kumbe anataka ufunguo. Nilifungua fundo, nikampa. Akatia ufunguo mwenyewe, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, akafungua mlango wote.

Walikuwa wamejaa ngazini na mizigo vichwani. Ekonomo alikuwa mbele, na koti la bluu, mdogo kuliko nilivyomweka akilini.

"Tonton," binti yangu alisema, "weye utabakia hapo. Wengine, karibuni."

Baba ya kijana alikasirika. Alisema maneno ya ukoo yamewekwa katika kinywa kimoja na huwezi kubadilisha kinywa katikati. Binti yangu akamjibu kwamba kinywa kitumike, ila miguu ibaki nje. Kijana alimwangalia tonton wake, akamwangalia mchumba wake, akabeba blanketi la mahari akaingia. Wengine wakamfuata.

Basi mahari ya binti yangu ilisemwa kutoka kwenye ngazi, mlango ukiwa wazi na baridi ikiingia. Mama Mturuki wa ghorofa ya pili, ambaye alikuwa amepanda kuangalia sherehe na hakuelewa neno, aliona mzee amesimama akaenda kumletea kiti na glasi ya chai. Hata ekonomo alipata kiti. Dunia ina adabu nyingi kwa watu kama hao.

Alisoma orodha. Blanketi ya mama. Vitenge vya mama. Chumvi, mafuta, majembe mawili ya kukumbuka nyumbani. Kisha akafika mahali, akaacha kusoma.

"Endelea, tonton," binti yangu alisema.

"Kositime ya baba ya bibi harusi," alisema. "Na viatu."

Waliileta ndani, suti nyeusi, imefunikwa nailoni ya duka. Walikuwa wameinunua kwa kipimo cha ndugu yangu, kwa sababu ndiye angeipokea. Ndugu yangu aliishika kwa mikono miwili, mbali na kifua, kama kitu kilicholowa. Nilimtazama yule aliyesoma. Nilitaka aanguke, niseme kweli. Hakuanguka. Alikunywa chai, akasoma yaliyobaki mpaka mstari wa mwisho, na binti yangu alipoulizwa mara tatu kama tupokee, alisema ndiyo mara tatu. Alisema kwa sauti, akitazama ngazini.

Wameoana. Watu wa kanisa wanasema nilimwaibisha mzee wa watu, kwamba mimi ni mwanamke mwenye moyo mgumu, kwamba tuko Ulaya sasa. Yeye anaendelea kuongea misibani kule Charleroi, na watu wanalia. Mtoto wa binti yangu atazaliwa baada ya miezi miwili na atabeba jina la ukoo wa mzee yule. Ndiyo sababu majina nimeyaacha.

Mwezi uliopita binti yangu alikuja Jumapili kuchukua pondu. Alisimama jikoni amevaa koti bado, chombo cha chakula mkononi. Hatukuwa tumeongea juu ya siku ile hata mara moja.

"Maman," alisema. "Ulipolia fungula, papa alikuwa wapi?"

"Yulu ya ukuta."

"Alikusikia?"

"Kulikuwa makelele mingi," nilimjibu.

Alitikisa kichwa, akakaza kifuniko, akanibusu, akashuka. Makelele yalikuwepo kweli. Lakini mume wangu alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, na tofali mkononi, na sauti yangu aliijua kati ya sauti zote. Aligeuka akaniangalia, mimi na mtoto. Halafu aliliweka tofali chini, taratibu, lisivunjike, akafuta mikono kwenye suruali, kama mwashi anayefunga kazi.